Kutoka Kisumu hadi darasa la ughaibuni: mwongozo wa mwalimu wa Kiingereza anayehama

Kila shule zikifungwa maswali hurudi yale yale. Nianze na pasipoti au nianze na kazi? Cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokijua, ni lazima? Ajenti ameitisha elfu themanini, nimtumie? Mwongozo huu ni wa mwalimu aliye Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Eldoret au Nakuru, mwenye shahada mkononi, anayetaka kwenda kufundisha Kiingereza nje ya nchi kwa njia halali.

Kutafuta nafasi si ndiko kunakokula muda. Miezi huliwa na karatasi, hasa zikifuatwa kwa mpangilio mbaya. Tenga miezi mitano hadi saba kutoka siku unayoanza hadi siku unayopanda ndege. Anayekuahidi wiki tatu anakuuzia viza ya utalii.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa.
- Cheti halisi cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), cheti cha shahada na transkripti. Barua ya "amemaliza masomo, anasubiri mahafali" haitoshi.
- Cheti cha usajili wa TSC, tume ya walimu ya Kenya, ikiwa wewe ni mwalimu aliyesomea ualimu. Nchi nyingi hukiona kama leseni ya kazi.
- Barua za kazi kutoka shule ulizofundisha, zenye tarehe ya kuanza na kuacha, madarasa uliyofundisha, muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu.
- Barua pepe yenye jina lako kamili. Ile ya "cutequeen254" iache nyumbani.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si la shemeji.
- Akiba. Tutafika huko.

Jambo moja la kufanya leo kabla ya yote: usipeleke cheti chochote kulaminishwa. Cheti kilichofunikwa kwa plastiki hakipigwi muhuri nyuma, na kukibandua mara nyingi ni kukiharibu. Kama chako kimeshalaminishwa, uliza chuo kuhusu nakala iliyoidhinishwa mapema, usingoje mwezi wa mwisho.

Hatua ya 1: Sawazisha majina

Hapa ndipo watu wa kwetu huanguka zaidi, kwa hivyo kaa nayo. Toa karatasi zote uziweke mezani: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, KCSE, shahada, TSC. Soma jina herufi kwa herufi.

Utakachokuta ni hiki. KCSE inasema "Achieng Mary Atieno", kitambulisho "Mary Atieno Ochieng'", shahada "Mary A. Ochieng". Au jina la ubatizo lipo shuleni lakini halipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Au kitambulisho kimebeba jina la mume na shahada imebaki na la baba. Au ni ile alama ya juu ya ng', ambayo karani mmoja aliiweka na mwingine akaiacha.

Ile alama yenyewe haina shida kubwa, kwa sababu mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haiandiki alama kama hiyo kabisa. Lakini jina kuzidi, kupungua au kubadilika herufi ni shida. Kwa tofauti ndogo, wakili akuandikie hati ya kiapo inayotaja majina yote na kusema ni ya mtu mmoja. Kwa jina lililobadilika kweli, fuata njia ya hati rasmi ya kubadilisha jina, kisha urekebishe kitambulisho. Fanya hivi kabla ya pasipoti. Ukichukua pasipoti yenye jina bovu, viza, kibali cha kazi na akaunti ya benki ya kule vyote vitabeba kosa hilo.

Hatua ya 2: Pasipoti

Omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ya kurasa 34 ni Ksh 7,550. Mfumo ukikuuliza utapeleka wapi alama za vidole, huna haja ya kukimbilia Nyayo House, makao ya Uhamiaji Nairobi: kuna ofisi za Uhamiaji Kisumu, Eldoret, Kisii na Nakuru. Beba karatasi halisi pamoja na nakala.

Kama tayari una pasipoti, hesabu muda uliobaki. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 siku unayoingia, na mwajiri wa mkataba wa mwaka mmoja hufurahia zaidi yenye mwaka na nusu.

Hatua ya 3: Chagua nchi inayokuruhusu wewe

Tangazo la kazi husema "walimu wa Kiingereza wanahitajika". Sheria ya viza ndiyo huamua ni walimu wa pasipoti gani. Soma hii kabla hujatuma ombi hata moja.

Korea Kusini: viza ya E-2 ya kufundisha lugha ni ya raia wa nchi saba, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Anayekuuzia E-2 anakuibia.

Uchina: kwa kawaida viza ya Z ya kufundisha Kiingereza nayo huelekezwa kwa wenye nchi hizo hizo. Mkenya mwenye shahada na uzoefu wa miaka 2 ana nafasi nzuri zaidi akifundisha somo kama hisabati au sayansi kwa Kiingereza. Kufundisha kwa viza ya biashara ya M, ya utalii ya L au ya mwanafunzi ni kosa. Sheria yao inaweka faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na katika kesi nzito kufungiwa siku 5 hadi 15, kisha kurudishwa nyumbani.

Thailand: inawezekana, na ndiko wengi huelekea. Unahitaji shahada, viza ya Non-Immigrant B, kibali cha kazi, na ruhusa ya baraza la walimu liitwalo Khurusapha, ambalo hutoa leseni au kibali cha muda. Kwa kuwa hatuhesabiwi kama wazawa wa lugha, shule huitisha alama za IELTS au TOEIC, mitihani ya kupima Kiingereza chako.

Vietnam: shahada, cheti cha kufundisha, cheti cha tabia njema na uchunguzi wa afya. Fahamu kwamba ubalozi wao unaohudumia Kenya uko Dar es Salaam, kwa hivyo weka gharama ya kupeleka stakabadhi huko.

Nchi za Ghuba: shule nzuri hutaka shahada ya elimu na cheti cha TSC, na mishahara yao kwa mwalimu aliyesomea ni mizuri. Lakini tofautisha kazi ya shule na kazi ya "kufundisha watoto nyumbani", ambayo mara nyingi ni uyaya uliopakwa rangi.

Rwanda: watu huisahau kwa sababu haina ndege ya saa kumi. Iligeukia Kiingereza kama lugha ya kufundishia mwaka 2008, Mkenya huingia kwa kitambulisho, na ukishindwa unarudi nyumbani kwa basi. Kwa mwalimu asiyewahi kuishi nje ni mwanzo mzuri kuliko anavyodhani.

Hatua ya 4: TEFL na IELTS

TEFL inayokubalika ni ya saa 120 au zaidi. Kama una B.Ed ya Kiingereza, baadhi ya shule hazitaiuliza, lakini ichukue kwa sababu nyingine: B.Ed ilikufundisha kumfundisha mtoto anayejua Kiingereza fasihi, si kumfundisha asiyejua hata "table". Chagua kozi yenye mwalimu anayesahihisha kazi zako. Ile ya kubofya tu na kupata cheti baada ya siku mbili hujulikana.

IELTS hudumu miaka 2. Usiifanye mapema mno. Uliza kama wanataka Academic au General kabla hujalipa, maana pesa haibadilishwi kirahisi.

Hatua ya 5: Wasifu, mahojiano na somo la majaribio

Wasifu ni kurasa mbili, picha safi, na idadi: madarasa mangapi, wanafunzi wangapi, umri gani. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 60 Webuye ana ujuzi wa kudhibiti darasa ambao mwenzake wa Ulaya hana. Uandike.

Saa ni mtego. Bangkok iko mbele yetu kwa saa 4, Beijing saa 5, Dubai saa 1. Mahojiano ya 15:00 ya Bangkok ni 11:00 kwetu, yaani saa tano asubuhi. Andika muda kwa saa 24, kwa sababu wengi wamejiunga masaa sita baada ya mhojaji kuzima kompyuta, wakiwa wamechanganya saa ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Stima ikipotea, intaneti ya nyumba hupotea nayo. Chaji laptopu hadi mwisho, weka bando kwenye simu na ujaribu hotspot siku moja kabla. Kaa ukiangalia dirisha, si ukiwa umeligeuzia mgongo.

Somo la majaribio huwa dakika 10 hadi 15. Mgao unaofaa kwa dakika 15:

1. Dakika 2: salamu na mchezo mfupi wenye vitu vinavyoonekana.
2. Dakika 4: maneno 5 au 6 mapya, kwa picha au vitu halisi. Usizidi 6.
3. Dakika 5: mazoezi ya pamoja, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja.
4. Dakika 3: wanafunzi watumie maneno kusema jambo lao wenyewe.
5. Dakika 1: rudia na kuaga.

Makosa matatu huangusha walimu wetu. La kwanza ni kuongea sana. Mhojaji hupima muda wa mwanafunzi kuongea, si wako. La pili ni kuuliza "Do you understand?" Mtoto yeyote duniani atajibu "yes". Uliza swali linaloonyesha kama ameelewa: ukifundisha "hot", inua picha ya barafu uulize "Is it hot?" La tatu ni maelezo marefu ya sarufi ubaoni, tabia tuliyoirithi kwa kutayarisha watahiniwa.

Kuhusu lafudhi: usiigize Mmarekani. Lafudhi yako haina makosa, ila kuna sauti za kurekebisha kwa sababu hubadilisha maana. Karibu sote tunachanganya "ship" na "sheep" kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano tu. Anayeongea Dholuo aangalie "s" na "sh", anayeongea Gikuyu aangalie "l" na "r". Jirekodi ukisoma jozi 20 za maneno kila siku kwa wiki tatu. Na uache nyumbani misemo ambayo ni yetu pekee: ukimwambia mkuu wa shule "flash me" au "I'll alight at the stage", atafikiria mambo mengine kabisa.

Hatua ya 6: Mkataba

Usiridhike na barua ya kusema "umepata kazi". Dai mkataba kamili na usome haya:

- Mshahara ni kabla au baada ya makato?
- Saa za darasani kwa wiki, na saa za kukaa shuleni. Hizi ni mbili tofauti. Darasani 25 ni mzigo wa kawaida. Zaidi ya 30 ni mzigo mzito.
- Nani analipa viza, kibali cha kazi, bima na nauli? Nauli hulipwa mwanzo au hurudishwa mwisho wa mkataba?
- Likizo za shule zina mshahara?
- Muda wa majaribio ni miezi mingapi, na notisi ya kuacha ni siku ngapi?
- Jina la shule, mji na anwani. Bila anwani hakuna mkataba.

Kama kuna ajenti, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha yake huwekwa mtandaoni. Usitume pesa kwa nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi. Pigia shule simu kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyokupa.

Sasa onyo ambalo usiliruke. Tangu 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imeonya kuhusu Wakenya wanaovutwa Thailand kwa kazi nzuri, kisha wakavushwa kwa siri hadi Myanmar au Laos na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Dalili hufanana: hakuna somo la majaribio, mshahara ni mkubwa mno kwa asiye na uzoefu, tiketi imelipwa haraka, viza ni ya utalii "itabadilishwa ukifika". Kama dereva aliyekupokea Bangkok anaelekea Mae Sot, mji wa mpakani ulio karibu kilomita 500 kaskazini-magharibi, na shule yako iko kwingine, shuka penye watu wengi na upigie Ubalozi wa Kenya mjini Bangkok. Weka nambari yake kwenye simu kabla ya kuondoka.

Hatua ya 7: Mihuri na cheti cha tabia njema

Cheti cha tabia njema huombwa eCitizen kwa Ksh 1,050, kisha unapeleka alama za vidole. Huduma Centre ya Kisumu, Kakamega au Nakuru inatosha. Kiache hadi mkataba uwe umetoka, kwa sababu waajiri wengi hukataa kilichozidi miezi 3 au 6. Kama vidole vyako vimechubuka kwa jembe au sabuni, vipumzishe na uvipake mafuta kwa siku kadhaa kabla, maana alama zisizosomeka hurudishwa.

Kenya haimo katika mkataba wa kimataifa wa apostille, yaani muhuri mmoja unaokubalika katika nchi zote wanachama. Ukiona fomu inayosema "apostille your degree", wewe unafuata njia ndefu: chuo kithibitishe shahada, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, Harambee Avenue, Nairobi, kisha ubalozi wa nchi unayoenda. Baadhi ya balozi hutaka muhuri wa wakili mwenye mamlaka ya notari kwanza. Uliza ubalozi mpangilio kwa barua pepe ili ubaki na maandishi, kisha fanya karatasi zote kwa safari moja. Nauli ya Kisumu hadi Nairobi mara nne si mchezo.

KNEC, baraza la mitihani la Kenya, huthibitisha matokeo kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa QMIS. Anza mapema kama mwajiri amesema wazi kwamba anataka KCSE.

Hatua ya 8: Afya

Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na kadi yake hudumu maisha. Thailand, kwa mfano, huiitisha kwa anayetoka Kenya. Kuchanjwa siku tatu kabla ya safari ni kujitafutia kesi uwanjani.

Kwa Saudi Arabia na Kuwait, uchunguzi wa afya hufanywa kwenye vituo vilivyo katika mfumo wa Wafid, si hospitali yoyote. Uwe na picha ya kifua; kovu la TB ya zamani huleta maswali, kwa hivyo beba barua ya daktari na rekodi za matibabu.

Hatua ya 9: Funga mambo ya nyumbani

Kama umeajiriwa na TSC, omba likizo bila malipo au jiuzulu kwa maandishi. Ukiondoka kimya utahesabiwa umetoroka kazi, na jina lako laweza kufutwa kwenye rejista ile ile uliyoitumia kupata viza.

HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haisahau. Faini ya kutolipa ni Ksh 5,000 kila mwezi. Panga malipo yaendelee.

Washa roaming (laini yako kufanya kazi nje ya nchi) ukiwa bado Kenya na uhakikishe meseji zinaingia, kwa sababu benki na eCitizen zitatuma nambari za siri kwenye laini hiyo. Hili hukumbukwa na wengi wakiwa tayari wameshuka ndege.

Akiba: mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, pengine wa pili kwa sababu akaunti hufunguliwa baada ya kibali. Nyumba Thailand huitisha kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili. Chumba cha baht 6,000 kinataka baht 18,000 siku ya kwanza. Ongeza chakula na matatu za huko kwa wiki nane. Huna hiyo? Ahirisha muhula mmoja.

Hatua ya 10: Safari

Kama ndege inaondoka JKIA usiku, usitegemee basi la asubuhi ya siku hiyo hiyo kutoka Kisumu. Lori likianguka Mau Summit au Salgaa, barabara yote husimama. Fika Nairobi siku moja kabla.

Karatasi halisi zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Nakala moja iache kwa mtu wa nyumbani, nyingine kwenye barua pepe yako. Anayeenda Thailand hujaza kadi ya kidijitali ya kuingia, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokulipisha ni ya matapeli.

Mambo yakikwama

*Viza imekataliwa.* Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni jina lisilolingana, taarifa ya benki iliyojazwa pesa ghafla, au barua ya shule isiyo na nambari ya usajili. Rekebisha hilo moja. Kuomba tena na karatasi zile zile ni kuchoma ada.

*Mwajiri anataka pasipoti aihifadhi.* Mpe nakala. Ikienda kwa ajili ya kibali, itisha risiti yenye tarehe ya kurudishwa.

*Umefika, shule si ile ya mkataba.* Usisaini mkataba mpya siku hiyo. Piga picha, andika tarehe, wasiliana na ubalozi.

*Viza ya Non-Immigrant B ya Thailand inakaribia siku 90 na kibali hakijatoka.* Muulize mwajiri kila wiki kwa maandishi kuanzia siku ya 45. Faini ya kupitiliza muda hulipwa na mwenye pasipoti, si na shule.

*Darasa limekushinda wiki ya kwanza. Watoto wanakutazama tu.* Punguza maneno nusu, ongeza vitendo. Sema sentensi moja, onyesha, ngoja hesabu ya tano kabla ya kusema nyingine. Kimya chao mara nyingi ni kwamba bado wanachakata ulichosema.